Udongo Uliokuja na Basi

Katika mji wa dhahabu, mtu anayetaka kupanda mchicha nyuma ya nyumba haanzi kuuliza habari za maji wala mbegu. Anauliza: hapa palikuwa na nini kabla ya nyumba? Nilimuuliza mama mwenye nyumba wangu wa Katoro siku ileile niliyolipa kodi ya miezi sita, kabla sijafungua begi. Alinionyesha kwa kidole bila wasiwasi wowote. Pale penye kamba ya kuanikia nguo palikuwa na karasha. Pale penye mpapai palikuwa na shimo la kuoshea. Marehemu mumewe aliifanya kazi hiyo mpaka majirani walipochoka na kelele za mashine, na alipoifunga, marudio yakasambazwa uani kusawazisha kiwanja, maana yalikuwa mengi na wakati ule hakuna aliyeyataka.

"Kwa hiyo unakanyaga dhahabu, mwalimu," aliniambia.

Nafundisha kemia, kwa hiyo nilijua ninakanyaga na nini kingine.

Kwa msomaji ambaye hajafika huku, kazi yenyewe iko hivi. Jiwe linatolewa duarani, linasagwa kwenye karasha mpaka liwe unga, kisha unga unapitishwa na maji juu ya ubao uliotandikwa magunia au mablanketi ili mchanga mzito ukwamie hapo. Mchanga ule unachanganywa na zebaki ndani ya beseni, kwa mikono mitupu mara nyingi. Zebaki inaikamata dhahabu. Inakamuliwa kwa kitambaa, linabaki donge la rangi ya fedha, na donge hilo linachomwa. Zebaki huchemka kwenye nyuzijoto 357, na jiko la mkaa likipepewa vizuri hufika huko bila shida. Zebaki inapaa, dhahabu inabaki. Lakini kilichopaa hakiendi mbinguni. Kikipoa kinashuka: juu ya bati, juu ya majani, kwenye nguo zilizoanikwa. Kingine huishia kifuani mwa aliyekuwa anapepea. Na ipo zebaki ambayo haikufika hata kwenye moto. Ilipotea ndani ya mchanga uliomwagwa, na mchanga huo ndio marudio, ndio uliokuwa umelala chini ya kamba yangu ya nguo.

Hili si jambo la kufikirika. Mwanzoni mwa miaka ya 2000, shirika la maendeleo ya viwanda la Umoja wa Mataifa lilipotafuta mahali pa kuchunguza zebaki ya wachimbaji wadogo Tanzania, lilichagua Rwamagasa, upande huuhuu wa Geita. Mwaka 2013 nchi ilitia saini Mkataba wa Minamata, uliopewa jina la mji wa Japani ambako mwaka 1956 watu waligundulika kuwa wamesumishwa na zebaki iliyopitia kwenye samaki, na mwaka 2020 ikauridhia. Naweza kuwaeleza wanafunzi wa kidato cha tatu mambo hayo yote ubaoni. Uani kwangu yalinisaidia kujua kitu kimoja tu, kwamba jembe lisiguse ardhi ile. Kupima udongo kungenipa jibu la shimo moja, wakati hatua mbili mbele jibu ni jingine. Marudio hayamwagwi kwa rula.

Nikampigia mama simu.

Mama yangu anaishi Shinyanga mjini, na bustani yake ndiyo iliyonisomesha kuanzia darasa la tano, kwa maana ya madaftari, sare na nauli. Hakuna aliyewahi kuita Shinyanga nchi ya mboga. Katika miaka ya 1980 ilikuwa ikitajwa kama mfano wa nchi inayogeuka jangwa, na mwaka 1986 ndipo ulipoanza mradi wa Hifadhi Ardhi Shinyanga, HASHI, ambao pamoja na mambo mengine uliwarudisha watu kwenye ngitili, utaratibu wa zamani wa Wasukuma wa kuzuia eneo lipumzike na kuotesha majani. Mvua huanza karibu na Novemba, hukatika katikati ya msimu pale unapoihitaji, hurudi, kisha kuanzia Mei au Juni huondoka kabisa. Mtu akipata mchicha Septemba ujue kuna ndoo iliyobebwa.

Nilipokuwa mdogo ndoo hiyo ilikuwa na historia fupi. Maji ya mji yalitoka bwawa la Ning'hwa, na siku yasipotoka yalitafutwa kisimani. Mwaka 2009 yakaja maji ya Ziwa Victoria, yanayovutwa Ihelele, Misungwi, na kusukumwa kwa bomba hadi Shinyanga na Kahama. Miaka mingi baadaye, chuoni, ndipo niliposoma kwamba Misri ilikuwa imelalamika kuhusu bomba lile, ikishikilia mkataba wa mwaka 1929 ambao Uingereza iliufanya kwa niaba ya makoloni yake, na kwamba serikali ya Tanganyika ilikuwa imekwisha kusema mwaka 1962 kuwa haifungwi na mkataba huo. Nilimweleza mama habari hiyo likizo moja, akiwa ameinama kwenye chainizi na kopo mkononi. Alinisikiliza mpaka mwisho. "Basi nao waje wapalilie," akasema.

Mama hajui neno zebaki limeandikwaje, lakini anajua udongo kuliko mtu yeyote niliyewahi kukaa naye darasani. Wasukuma wana majina ya udongo kama watu wa pwani walivyo na majina ya pepo. Luseni ni ule wa kichanga, mwepesi, wa kwenye miinuko. Itogolo uko chini, mgumu, unatuamisha maji, ndiyo maana unapewa mpunga. Mbuga ni ule mweusi unaopasuka kiangazi mpaka mguu wa ndama unaweza kuzama. Kwetu ni luseni. Unapitisha maji kama chujio na hauna cha kumpa mmea, kwa hiyo kila kitu kwa mama huanzia kwenye shimo la mboji.

Nasema shimo kwa makusudi. Vitabu vingi vinakuonyesha lundo juu ya ardhi, na penye mvua nyingi hilo ni sawa, maana shimo litajaa maji. Shinyanga lundo la juu hukauka kabla halijaiva. Mama huchimba kiasi cha kiunoni. Chini anaweka mabua ya mahindi yaliyokatwakatwa, juu yake majani mabichi na maganda ya jikoni, kisha samadi ya ng'ombe, kisha udongo wa juu viganja vichache, jivu kidogo, maji, na kuanza tena. Katikati anasimamisha kijiti kirefu. Baada ya siku kadhaa anakivuta na kukishika: kikiwa cha moto, kazi inaendelea. Kikiwa baridi na kikavu, shimo lina kiu. Kikitoka na harufu mbaya, ubichi na maji vimezidi, ongeza mabua. Hugeuza baada ya wiki tatu, na tena baadaye, na ikifika miezi mitatu anachota kitu cheusi kinachonuka kama msitu baada ya mvua, hata kama hajawahi kuingia msituni.

Nilipomweleza kuhusu uani kwangu alinyamaza, kisha akauliza swali moja. "Huko hakuna hata mahali pamoja pasipochimbwa?" Nikamwambia pengine papo, ila mimi sipajui. Wiki iliyofuata kondakta wa basi lililopitia Kahama alinipigia simu.

"Mwalimu, huu mzigo wako ni nini?"

"Udongo."

"Udongo wa nini?"

"Wa mchicha."

Akakaa kimya muda mrefu kuliko kawaida ya kondakta. Unahitaji kuukumbuka mwaka 2017, makontena 277 ya mchanga wa dhahabu yaliyozuiwa bandarini Dar es Salaam na neno makinikia lililokuwa kwenye kila redio, ili uelewe kwa nini viroba vitatu vya udongo chini ya kiti cha basi vilimsumbua. Nilipofika stendi alikuwa amekwisha kufungua kimoja na kuuchezea kwa vidole. "Watu wote wanatoa udongo huku kuupeleka kwingine," aliniambia. "Wewe peke yako ndiye unauleta." Akanitoza kama mzigo wa mahindi.

Viwili vilikuwa luseni na kimoja mboji. Havikutosha, na kabla ya Pasaka vilikuja vingine sita, safari mbili. Kwenye mashine ya kukoboa nikapata pumba za mpunga, ambazo wanazitupa au kuzichoma. Kipimo changu kikawa ndoo mbili za luseni, moja ya mboji, moja ya pumba. Pumba hazimlishi mmea chochote cha maana, zinafanya udongo usishikamane na kuwa tofali ndani ya kiroba.

Mtu anayepanda kwenye viroba huambiwa aweke nguzo ya kokoto katikati ili maji yafike chini. Kokoto za Katoro ni mawe ya duarani, na mawe yenye dhahabu mara nyingi huja na aseniki ndani yake, kwa hiyo kokoto nikaziacha. Nilitoboa chupa za maji za lita moja na nusu kwa msumari wa moto, nikazisimamisha kichwa chini katikati ya kila kiroba, kitako nimekikata. Ukijaza chupa asubuhi, maji yanatoka taratibu pembeni yanakohitajika. Chini ya viroba nilipanga matofali, na juu ya matofali nikatandika bati kuukuu, kwa sababu mzizi wa nyanya hauheshimu kiroba. Utatoboa na kwenda zake chini.

Mchicha nilisia moja kwa moja. Mbegu yake ni ndogo kama vumbi, ukiimwaga kwa mkono unapata fungu hapa na upara pale, kwa hiyo unaichanganya na mchanga mkavu kwanza. Sukuma wiki na chainizi nilizianzisha kwenye beseni lililotobolewa, mistari yenye kina cha kucha ya kidole, nyasi kavu juu. Siku ya nne au ya tano unafunua nyasi jioni, si asubuhi, ili jua lisiwakute watoto uchi. Hayo ni maneno ya mama. Wiki ya mwisho kabla ya kuhamisha unapunguza maji ili miche ijifunze shida. Mwezi mmoja tangu kusia, ikiwa na majani manne au matano, unaihamisha, jioni tena.

Nyanya nilipanda Tanya, mbegu iliyotolewa miaka ya 1990 na ambayo wakulima wengi wanaipenda kwa ugumu wa ganda lake. Ganda halikusaidia kitu mbele ya kantangaze. Kiwavi huyu alionekana nchini mwaka 2014, na jina alilopewa mitaani linatosha kueleza alichofanya. Anachora njia ndani ya jani, kisha anaingia kwenye tunda karibu na kikonyo, na kwa nje unaona tundu kama la sindano. Nilisaga mbegu za mwarobaini, nikaziloweka usiku kucha, nikachuja, nikaongeza sabuni kidogo, nikanyunyiza jioni. Nilipata nyanya kumi na moja. Sizihesabu kama hasara, ila ningekuwa nategemea ada nisingekuwa na utani huu.

Mchicha ulikuwa habari nyingine. Wiki ya nne nilikuwa nakata, na nilipokuwa nakata juu ya kifundo ulichipua pembeni. Mgagani ulifurika mpaka nikaanika nsansa juu ya ungo ndani ya chumba, dirisha wazi, kwa sababu nje sikutaka kuanika kitu chochote cha kuliwa.

Agosti mdogo wangu alikuja kukaa kwangu, mimba ya miezi saba. Mumewe ni mchimbaji, na zahanati ilikuwa karibu na kwangu kuliko kule duarani. Kliniki walimwambia alichoambiwa kila mjamzito: kula mboga za majani, damu yako ni ndogo. Walisema kweli. Ila mboga za majani za sokoni hulimwa mabondeni penye maji, na mabondeni penye maji ndiko iliko mialo ya kuoshea dhahabu. Kwa hiyo viroba vyangu kumi na viwili, ambavyo vilikuwa mchezo wa mwalimu asiye na mtoto, vikawa na kazi.

Shemeji yangu alikuwa anakuja Jumamosi. Ni kijana mchangamfu, mwenye adabu, hafiki mikono mitupu. Jumamosi ya tatu alikuja na donge. Lilikuwa kiasi cha punje ya harage. Alichukua jiko langu la mkaa, akaliweka uani ambako upepo ungelipepea vizuri, yaani hatua tano kutoka kwenye chainizi, akachuchumaa. Mdogo wangu alikaa kwenye kigoda kando yake akimenya viazi.

Nilimwita mdogo wangu ndani kwanza, nikamwambia anichambulie mchele. Kisha nikatoka.

Jani halinywi zebaki kwa mzizi peke yake. Kwa kweli mzizi huipitisha kidogo tu. Sehemu kubwa ya zebaki iliyomo kwenye jani huingia kutoka hewani, kupitia vitundu vilevile ambavyo jani linapumulia, na ikishaingia huwezi kuiosha kwa maji ya bomba. Mvuke huohuo ukivutwa na mama mjamzito huvuka kondo la nyuma na kufika kwa mtoto. Nilimweleza yote mawili. Nilimweleza pia kuhusu retorti, kile kichungu chenye mfuniko na bomba kinachorudisha mvuke kuwa zebaki tena ili uitumie mara ya pili, nikidhani hoja ya pesa itamwingia.

"Retorti naijua, shemeji," alisema. "Watu hawaitaki kwa sababu huoni. Ukichoma wazi unaiona dhahabu yako inavyogeuka njano. Ndani ya chuma, nani anajua? Hapo mpo wanne mnagawana, kila mtu na macho yake."

Hilo sikuwa nimelisoma popote, na lilikuwa na akili. Kisha akaongeza, bila ubishi, kama mtu anayetoa taarifa: "Naivuta huu mwaka wa tisa. Na yule wa kwanza si unamwona? Anakimbia."

Mtoto wa kwanza kweli anakimbia. Sikuwa na ubao wa kuchora kitu ambacho hakionekani, kinachokuja polepole, kinachompata huyu na kumruka yule. Dhahabu ile ndiyo ingelipia wembe, pamba, khanga na gari la dharura. Nilichokuwa nikilinda mimi ni majani. Donge liliisha kuungua wakati tunazungumza. Akaligeuza kwa kisu, njano kabisa, akanionyesha.

Usiku nilimsimulia mama. Hakuuliza kuhusu kemia. Aliuliza: "Alichomea karibu na udongo wangu?"

Msomaji asiye Msukuma anahitaji kujua hapa kwamba mkwe si mtu wa kuzungumza naye ovyo. Mama na shemeji yangu hawakai meza moja, hawapeani mkono, wakikutana njiani mmoja hupisha. Kwa hiyo mama hakuomba nimpe simu. Alinipa maneno ya kufikisha, na nikayafikisha kama yalivyo Jumamosi iliyofuata, nikiwa nimesimama mlangoni: "Mama anakusalimu. Anasema udongo ule kwenye viroba ni wake, aliuleta kwa nauli yake."

Hakuna lingine lililosemwa. Shemeji aliangalia viroba, kimoja kimoja, kama anavihesabu. Akasema, "Wabeja." Tangu siku hiyo hajawasha moto wa kazi uani kwangu, na alipokuja na nguo za kazini alizivulia nje ya geti na kuzifunga kwenye mfuko, jambo ambalo hata sikuwa nimelitaja.

Mdogo wangu alikula mchicha wa karanga, mgagani uliolala kwenye maziwa, matembele, na nsansa siku tulizokosa kitu kibichi. Mwisho wa Septemba alipanda basi kwenda kujifungulia Shinyanga kwa mama, akibeba viroba sita vitupu vilivyokunjwa, vikajazwe tena.

Shemeji sasa anachomea mwaloni. Nilifika huko mara moja kumpelekea barua ya kliniki. Ni uwanja mkubwa wa tope jekundu, karasha tatu zikinguruma, na pembeni, upande ule upepo unakoelekea, mama mmoja ana meza ya mboga. Matembele yake yalikuwa mazuri, marefu, yanang'aa maji. Analima palepale nyuma ya meza. Nilinunua fungu moja kwa sababu alinisalimia vizuri, nikalibeba mpaka nyumbani, nikaliweka kwenye kapu la takataka, si kwenye shimo la mboji. Jumamosi nilimwambia shemeji kuhusu mama yule na upepo ule. Alisema atamwambia ahamishe meza. Nikamuuliza kwa nini asihamishe jiko. Mpaka naandika haya hajanijibu.